Klementi Nambunga na Mgeni wa Hodi Mbili

Klementi Nambunga anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 1979, baada ya kutumikia kiwanda chetu cha chapa cha misheni hapa Lindi kwa miaka ishirini na miwili. Alitufikia kabla ya Uhuru, jamaa mwembamba wa Kilangala, shati jeupe moja na miwani iliyofungwa kwa uzi. Leo anaondoka na mvi, kitambi kidogo, na miwani bado imefungwa kwa uzi. Nalisema hilo mapema asije akadhani tumekuja kumsifu tu.

Wasifu huu ofisi ilimpa karani auandike. Karani akaandika "mtumishi hodari, mwaminifu na mchapakazi," akaishia hapo, kama anayemzika mtu asiyemjua. Nikamwambia alete kalamu. Kusoma nimejifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, sifichi. Lakini kila ukurasa aliouandika Klementi nimeukunja na kuushona kwa mikono hii. Anayemjua zaidi ajitokeze.

Alianza kwa kusahihisha makosa ya wapanga herufi. Mabruda walipoondoka mmoja mmoja baada ya Uhuru, akapewa meza ya kuandika jarida letu la kila mwezi, *Kengele ya Pwani*. Aliandika sala za wagonjwa, maisha ya watakatifu, vitabu vidogo vya watoto wa komunyo, na ukurasa wa mwisho, hadithi. Waislamu wa mtaa wa Mtanda walilinunua jarida kwa ajili ya hadithi hiyo. Walikuwa wakiichana na kutuletea sala zetu zikiwa safi, hazijakunjwa hata pembe. Klementi alifurahi sana. Alisema jarida lake linakwenda kwenye nyumba nyingi kuliko Padre.

Alikuwa na desturi. Kabla ya kushika kalamu alimshukuru Mungu kwa sauti kwa kitu kimoja cha siku ile, chochote. Siku moja kule Rutamba mbuzi alikula hadithi yake nzima, karatasi hadi pini. Klementi akashukuru kwamba hatimaye amepata msomaji aliyemaliza yote. Halafu akarudi kiwandani, akaketi kuiandika upya, akicheka peke yake. Nilikuwa nikimsikia kutoka meza ya kukunjia, na kicheko hicho ndicho kilichonijulisha kwamba mwezi ule hadithi ni nzuri.

Ndipo akaja meneja wetu, Ndugu Xaveri. Usikunje uso, Ndugu Xaveri, najua unasoma haya. Bodi ya Dar es Salaam ilitaka jarida lijilishe lenyewe, na wewe ulitaka kuwapendeza bodi. Ukamwambia Klementi mbele yangu, "Shukrani haiuzi, bwana. Hofu inauza. Wape watu kitu cha kuwafanya wasilale."

Ulikuwa mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Klementi alikuwa amepita makazi ya zamani nyuma ya Rutamba, akaona nyumba tupu, milango wazi, mafiga bado meusi. Akarudi na hadithi kichwani. Mtu anatoka kwenye mashamba ya mkonge baada ya miaka mingi, anakuta kwao hakuna mtu, anatembea nyumba hadi nyumba kumtafuta mama yake, mwisho mama anampokea. Kwake Klementi ilikuwa hadithi ya shukrani.

"Hapana," akasema Xaveri. "Usimwonyeshe uso huyo mtu. Na mama asijibu upesi. Mvute, Klementi, mvute!"

Akamvuta. Kila mwezi mgeni yule alikwenda nyumba nyingine, akasimama mlangoni jua likiwa la alasiri, na hadithi ikakatwa papo hapo. Jarida likaisha sokoni mpaka Kilwa Masoko. Bodi ikapongeza. Klementi akaacha kucheka. Kisha akaacha na kushukuru pia. Aliketi, akaandika, akaondoka. Nikamwambia, "Klementi, unaandika kama mtu anayechimba choo." Akachovya kalamu, akaendelea kuchimba.

Masika ikaingia. Lori la karatasi likakwama Mbwemkuru, mto ukapanda, karatasi zikavimba kama maandazi. Miezi ikapita bila jarida. Toleo la mwisho kutoka liliishia hivi: mgeni amefika kwenye mlango wa mama yake. Anapiga hodi. Kimya. Anapiga hodi ya pili. Kisha likaja lile neno la Xaveri, *itaendelea*.

Nyie vijana mnaoingia nyumba za watu kama mbuzi, nisikilizeni. Kwetu hodi ni tatu. Ya kwanza unajulisha umefika, ya pili unajulisha bado upo, ya tatu unaaga. Isipojibiwa unakwenda zako bila kinyongo. Aliyepiga mbili yuko mlangoni. Hajapokewa, wala hajaondoka. Klementi alimwacha mgeni wake hapo hapo, na karatasi ya kumwondolea haikuwepo.

Basi watu wakaanza kumsikia.

Wa kwanza alikuwa Bi Mwahija, mkunga wa Mtanda, mwanamke asiyeogopa damu wala serikali. Alikuwa anateleka maji ya chai alasiri. Akasikia, "Hodi." Sauti ya mwanamume, ya mtu aliyetembea mbali bila kunywa maji. Kabla hajajifuta mikono, "Hodi." Akafungua. Njia nzima tupu, jua limelala ukutani, na harufu ya mkonge uliolowa. Kesho yake ikawa nyumba ya pili. Kesho kutwa ya tatu. Utingo wa basi, Ahmadi, akaja na habari kwamba Kilwa Kivinje watu wanafunga milango alasiri kabla hata ya adhana. Rutamba, kwenye kijiji kipya ambako nyumba zimejipanga kama meno, sauti ilianza mwanzo wa mstari ikatembea hadi mwisho, hodi mbili kila mlango, na wenyewe wakiwa ndani wameshikana mikono wanaisikiliza ikija.

Mimi pia niliisikia. Nilikuwa nachambua mchicha. Sikukimbia. Niliketi, nikauchambua mchicha uleule mara ya pili.

Jambo baya zaidi halikuwa sauti. Watu waliacha kuitikia. Ukienda kuomba moto kwa jirani, unapiga hodi, unamsikia kabisa anapumua nyuma ya mlango, hakujibu. Mji mzima wa Lindi ulikosa mtu wa kusema karibu. Ukipita Mtanda alasiri ulidhani watu wote wamehamishwa, kumbe wamo, wamejaa ndani, kimya, wanatazama komeo.

Padre alinyunyiza maji ya baraka. Maalim Fakihi wa madrasa alisoma alichosoma. Sauti haikuwajali wote wawili. Ndipo Maalim akaja kiwandani kwetu, akavua viatu mlangoni, akamwambia, "Klementi, huyu si jini. Jini ningemjua. Huyu ni mgeni wako, umemwacha kwenye milango ya watu."

"Nimalize hadithi, Maalim?"

"Mkaribishe au umuage. Mimi si mwenyeji wake."

Klementi alitaka kumaliza. Xaveri akakataa. "Karatasi zitakuja, tutauza mara mbili. Unataka kuua kuku anayetaga?" Na ukweli mwingine Klementi alinieleza mimi peke yangu, kwa sauti ya mtu anayetubu. Alikuwa amejaribu. Kila alipoandika jibu la mama, maneno yalitoka yamekufa. Mama alisema karibu kama karani wa posta. Alichana, akaandika, akachana. "Dada Skola," akaniambia, "kile nilichokuwa nacho kimeondoka. Nikimaliza mwezi huu narudi Kilangala kwenye mikorosho. Kalamu sishiki tena." Nilimkaripia, lakini nilikuwa nimeyaona macho yake. Yalikuwa kama yale makazi ya nyuma ya Rutamba.

Sasa yakaja ya Sada.

Sada ni mke wa Bakary mchoma mikate. Uchungu ulimshika alasiri. Bakary akatoka mbio hadi kwa Bi Mwahija. "Hodi!" Akavuta pumzi. "Hodi!" Pumzi ikakata. Alikuwa amekimbia kutoka ng'ambo ya Mtanda, akashika nguzo ya mlango, mdomo wazi, sauti haitoki. Ndani Bi Mwahija ameketi mkekani, mkoba wake wa kazi umefungwa tayari kando, kiganja mdomoni.

Aliniambia baadaye, "Skola, nilimsikia anahema. Nikasema leo hakuondoka, leo amekuja kunichukua."

Bakary akadhani mkunga hayupo. Akarudi. Sada alizalishwa na jirani ambaye maishani mwake alikuwa amekata mchicha tu. Mtoto alitoka na kitovu shingoni, bluu, akakaa muda mrefu bila kulia. Ule muda, waliokuwepo mpaka leo hawataki kuuzungumza. Kisha akalia. Yupo, mzima, wa kike, na sasa ndiye anayeniibia maembe mabichi.

Lakini Bi Mwahija, ambaye kabla ya siku ile hakuna mtoto wa Mtanda aliyezaliwa bila mkono wake, alikuja kiwandani kesho yake akalia mbele ya meza ya Klementi. "Umenifunga mlango, mwanangu," akasema. "Umenifunga mlango wangu mwenyewe."

Klementi akasimama. Akamwambia Xaveri anamaliza hadithi leo, atake asitake.

"Utaiandika juu ya nini? Juu ya ukuta?"

Hapo ndipo nilipoingilia. Tukikata vitabu kingo zake ziwe sawa, hutoka vipande vyembamba, upana wa vidole viwili. Wengine huvitupa. Mimi hukusanya guniani, nawashia moto. Nikaliburuta gunia mpaka katikati ya chumba.

Xaveri akacheka. "Hapo ukurasa mzima hauingii, bibi."

"Vizuri," Klementi akasema. "Nimechoka na kurasa."

Xaveri akatoka nje kuvuta sigara. Tukabaki wawili. Mlango umerudishiwa, jua la alasiri linapita chini yake, mstari mmoja mweupe sakafuni. Klementi ana kipande cha karatasi mbele yake, kalamu mkononi, hasogei. Mtambo umezimwa. Nikasikia hata inzi ameacha kuruka.

"Hodi."

Ilikuwa hapo hapo, nyuma ya ubao wa mlango. Nikautazama ule mstari wa mwanga chini ya mlango. Mtu akisimama mlangoni, miguu yake huukata. Haukukatika.

"Hodi."

Kisha kimya. Na mji mzima hakuna aliyejua ya tatu italeta nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kuisikia. Nikamfokea, "Klementi! Mgeni yuko mlangoni. Kwenu hukufundishwa?"

Akafumba macho. Akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu hadithi ile ianze kuvutwa. Akashukuru. Ilianza kwa kigugumizi, kama mashine iliyokaa bila mafuta. Alishukuru kwa vipande vya gunia. Alishukuru kwa kilio cha mtoto wa Sada. Alishukuru kwa Bi Mwahija kuja kumlilia mezani badala ya kumlaani nyumbani. Halafu akamshukuru Mungu kwa mtu aliyesimama nje, kwamba ametoka mbali hivyo kwa miguu na bado anapiga hodi kwa adabu. Alipofika hapo sauti ilikuwa yake, ile ya zamani. Akafumbua macho.

"Karibu," akasema. "Karibu ndani. Pita uketi."

Mlango haukufunguka. Lakini pazia la dirisha lilivutwa ndani kana kwamba chumba kimepumua. Harufu ya mkonge ikaingia, ikapita mbele yangu, na mkono wangu wa kushoto ukapata baridi kama nimemkaribia mtu anayetoka kisimani. Mbele ya meza ya Klementi kuna kiti cha kamba cha wageni. Kililia. Kamba zake zikabonyea katikati, taratibu, kama zinavyobonyea mtu mzima aliyechoka anapoketi. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, na nimeona nilichokiona. Asiyetaka kuamini aache, sijamwomba.

Klementi alikitazama kile kiti. Kisha akacheka. Alicheka kama siku ya mbuzi. Akaandika huku anacheka na machozi yanamtoka, wino ukachanganyika nayo, ikabidi nimpe kipande kingine. Alichoandika kilikuwa kifupi kuliko barua ya posa. Mgeni hakuwahi kufika kwenye hodi ya tatu, kwa sababu mama alisema kutoka ndani: "Karibu, mwanangu. Nilikuwa nashukuru umefika tangu hujafika."

Basi. Hadithi nzima ya mwaka mzima iliishia kwenye vidole viwili vya karatasi.

Xaveri alirudi ananuka sigara, akasoma. Akasoma tena. Nampa haki yake: alikunja mikono ya shati, akapaka wino mtamboni mwenyewe. Tulichapa mpaka gunia likaisha. Klementi akavipeleka kwa baiskeli na kwa basi la Ahmadi, mji kwa mji, mpaka Kilwa. Watu wakavibandika juu ya milango yao, mahali ambapo Waislamu huweka dua zao na sisi msalaba. Wa kwanza kubandika Mtanda alikuwa Maalim Fakihi. Mtu akamuuliza vipi, hili si la misheni? Akajibu, "Karibu ina dini?" Bi Mwahija aliweka viwili, mlango wa mbele na wa uani, akasema yeye hataki kubahatisha.

Sauti ilisikika tena, ndiyo, hapa na pale. Sasa watu walijibu. Wengine waliweka na maji kando ya mlango. Siku hadi siku ikawa nadra, kisha mji ukarudi kuwa mji, wenye kelele za karibu na karibuni mpaka zinachosha. Ya tatu haikusikika kamwe.

Klementi hakurudi kwenye mikorosho. Aliandika miaka hii yote iliyofuata, na wanaosema vitabu vyake vizuri ni vya kabla ya hapo hawajui kusoma. Alijifunza ufupi. Bodi ya Dar ililalamika kwamba vitabu ni vyembamba, akawashukuru kwa kulalamika, maana ni dalili kuwa wamefungua. Walimtaka aongeze hofu, akawapelekea sala ya mtu aliyepoteza ng'ombe. Walimtaka aandike haraka, akaandika haraka, anacheka. Shida hazikwisha, karatasi hazikutosha hata mwaka mmoja, na vita ya juzi ilituacha na wino wa kukopa. Sikumwona tena akichimba choo. Kila alasiri alishukuru, akasema "Karibu," na kiti cha kamba kikabonyea mbele yake. Ndiyo maana hakuna mfanyakazi wa hapa anayekikalia saa hiyo. Wageni walidhani ni adabu ya ofisi.

Juma hili kiti hakikubonyea.

Jumatatu Klementi alishukuru, akasema karibu, kamba zikabaki zimenyooka. Jumanne vilevile. Akapanga vitu vyake kwenye kasha bila kuniangalia. Kisha akauliza, mgongo ukiwa kwangu, "Dada Skola, ameniacha? Nikienda Kilangala nitaandika, au ilikuwa ya meza hii tu?" Akageuka, nikaona tena yale macho, nyumba tupu milango wazi, nikaenda kukunja karatasi ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

Jana mchana Ahmadi akasimamisha basi mbele ya kiwanda, akapiga kelele dirishani, "Mzee Klementi! Salamu za mkeo!" Mkewe ni Maria, yuko Kilangala tangu Pasaka anawatengenezea nyumba. Na Ahmadi, ambaye hajui kusema kwa upole hata msibani, akatoa ujumbe wote barabarani:

"Anasema hivi: mwambie Klementi, kama anatanguliza mgeni, amtaarifu mtu! Jumatatu alasiri nabangua korosho, nasikia hodi, hodi. Nikaitikia karibu, nikamwekea kiti. Mtu mwenyewe simwoni. Sasa anauliza, mgeni huyo anakula nini, na wewe unakuja lini?"

Klementi alishika dirisha kwa mikono miwili. Halafu akacheka, mpaka abiria wakacheka naye bila kujua sababu.

Basi, Klementi Nambunga, kiwanda kinakushukuru. Bi Mwahija anakushukuru, Maalim anakushukuru, Xaveri anakushukuru na mimi nimemsimamia mpaka akalisema. Zawadi yako ni rimu za karatasi, nzima, hazijalowa. Nimekatazwa kusema tumezipataje. Uishi siku nyingi na nzuri kwenye mikorosho yako, afya ikutoshe, Mungu akulinde wewe na Maria. Na usiage sana Jumamosi, ukaanza kulialia na kukumbatia watu. Panda basi la kwanza. Mgeni amekaa tangu Jumatatu, na kalamu unayo wewe.

Bibi Skolastika, meza ya kukunjia